Baraka za Bi Nyamizi

Ukumbi mzima ulimsubiri Bi Nyamizi anywe maji. Katika mji ule kitu kipya hakitoki mpaka mkongwe akibariki kwa kukipulizia maji ya mdomoni, na siku hiyo kilikuwa kitabu cha historia ya nchi, kazi ya Daktari Kasubi.

"Bibi, taratibu," mwandishi alitania. "Hicho tunakiuza."

"Kwanza nisomee ulivyomwandika baba yako."

Akasoma kwa madaha: Jumbe Kasubi, shujaa aliyewaficha vijana wasipelekwe na wakoloni kwenye mashamba ya mkonge.

Bi Nyamizi akamtazama. Jumbe huyo ndiye aliyemfunga kamba kaka wa bibi na kumkabidhi kwa wazungu.

"Kaka yangu, baba yako alimficha vizuri mno," akasema. "Mpaka leo hatujamwona."

Watu wakacheka. Mwandishi akawashinda wote kwa kicheko.

Bibi akakisukuma kikombe kando. Akajikohoza, akavuta yote yaliyokuwa kifuani, akayatema juu ya jalada, usoni mwa picha ya Jumbe.

"Hiyo ndiyo baraka ya zamani hasa," alisema mshereheshaji, na makofi yakalipuka.

Mwandishi akakiinua kitabu watu wakione, kohozi likishuka polepole kuelekea kidole gumba chake.