Kipande cha Mjane

Biblia ya jumuiya ilikuwa moja tu, ndiyo maana fundi viatu aliikata vipande na kuvishona kwa uzi wa viatu, kila nyumba ipate cha kusoma. Jumapili hubadilishana.

Leo wamekutana sebuleni kwa mjane, naye amekikumbatia chake.

"Mama, lete basi. Au umekimeza?" fundi akamtania.

Mjane akamfunulia ukurasa wa mwisho, uliolainika kwa kupapaswa. Mwana mpotevu alikuwa ameshika njia kurudi kwa baba yake. Hapo ndipo kisu kilipopita.

"Kwenye hiki changu anapokelewa, Mama. Anachinjiwa hata ndama. Chukua."

Mjane akautazama mlango, ambao hajautia komeo tangu mwanawe aondoke bila kuaga.

"Huyo kashafika kwao," akasema. "Niachie hiki wiki moja tena, fundi. Wangu bado yuko njiani."