Gari Lisilokuwepo

Siku hizi kitu kikikosa mnunuzi mnadani, kisheria hakipo. Ndivyo lilivyofutwa gari jekundu la silinda nane, lililompeleka Bi Hidaya harusini.

“Mama, shuka,” mwanawe Shafii alimsihi. “Ukikaa humo watakufuta na wewe!”

“Mnada unajua tu nani ana pesa, haujui kilichopo, baba. Siku ile marehemu baba yako anakuja kunichukua na gari hili, ulikuwepo?”

Akawasha injini. Sufuria zikacheza jikoni, na majirani wakatoka wakipiga vigelegele.

Lango, linalohesabu watu wa nyumba, likatangaza kwa upole: “Bi Hidaya hayupo.”

Bi Hidaya akafunga mkanda.

“Umesikia? Sipo. Basi hakuna wa kunikamata. Nifungulie lango kwa mkono, mwanangu.”