Mahali pa Altare

Mkojo ulikuwa umetuama tena katika vile vishimo viwili.

Belyse alipiga magoti, akabana pumzi, akaukausha kwa tambara. Sakafu ya choo cha wanaume, katika kiwanda cha bia alichokuwa akisafisha, ilikuwa ya mawe ya zamani, na mbele kidogo ya ukuta walioukojolea walevi, jiwe moja lilikuwa limebonyea mara mbili, bega kwa bega, kama mabakuli mawili. Kila asubuhi vilijaa.

"Nguruwe hawa," alinong'ona.

Zamani kiwanda hicho cha bia, kule St Marys ughaibuni, kilikuwa monasteri. Watawa walizeeka, wakapungua, wakauza. Mwaka 2001 mapipa ya shaba yakaingizwa walimokuwa wakilala, na chupa zikabandikwa picha ya mtawa mnene mwenye kikombe cha povu. Wageni waliokuja kunywa waliichekelea. Belyse picha hiyo ilimtia kinyaa kuliko mkojo.

Alipenda chumba kimoja tu: ghala dogo lenye dirisha la kioo chekundu. Moyoni alijua altare ilikuwa humo. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania alisali miaka kumi chini ya turubai. Hapa palikuwa na nyumba ya Mungu ya mawe, nao wenye kiwanda walitaka kuiwekea tangi jipya la bia. Alilifagia ghala hilo bila kuagizwa, akaliwekea maua.

"Mama, wewe ni msafishaji ama sista?" alimtania Mwangi, msimamizi wake kutoka Nakuru. "Bosi amesema hivi: leta mtu anayejua altare ilikuwa wapi. Hapo hapataguswa tena. La sivyo, tangi linaingia Ijumaa."

Alhamisi Belyse akamleta. Bruda Colm, mtawa wa mwisho aliyebaki hai, alikuwa akiishi katika nyumba ya wazee huko Granville, ambako Mélanie, dada yake Belyse, alikuwa mhudumu. Mzee huyo alikuwa na miaka tisini na mmoja, macho yamefifia, mkongojo mkononi.

"Huku, Bruda." Belyse alifungua ghala. Maua yalikuwa mabichi.

Mzee alichungulia, akatabasamu. "Ah! Hapa tulifulia soksi."

Belyse aliyatazama maua yake. Mwangi alitazama pembeni.

Bruda Colm akageuka. Kiganja kikipapasa ukuta, midomo ikihesabu hatua, akayapita mapipa mawili, akakata kona, akasukuma mlango.

"Siyo humo, Bruda!" Belyse alimdaka mkono, uso ukimwaka kwa aibu. "Humo kunanuka. Ni choo."

"Mwache, Mama," Mwangi alisema kwa sauti ya chini. "Mzee amebanwa."

Lakini mzee hakufungua suruali. Alivua kofia, akalaza mkongojo sakafuni, akashuka polepole akiuelekea ukuta, na magoti yake yakaingia katika vile vishimo viwili, yakaenea sawasawa.