Tanzia ya Idrisa

Siku hizi gazeti la simuni huandikwa kulingana na afya ya msomaji. Zaituni ana presha, kwa hiyo lake lilisema wachimbaji wa mgodi wamechelewa tu kurudi. La mumewe, Mbaraka, lilisema wamekufa wote, na mtoto wao Idrisa yumo.

Mbaraka alipomwambia, Zaituni alimwonyesha simu yake. "Soma mwenyewe, Baba Idrisa. Acha kumchuria mtoto!"

Mbaraka akazunguka mji mzima akitafuta gazeti la karatasi, ambalo halibadiliki kwa kila msomaji. Akalipata, lina tanzia na picha ya Idrisa. Akaliweka mezani likiwa limekunjwa, akaenda kunawa uso kwanza.

Aliporudi, Zaituni alikuwa amelitandaza sakafuni bila kulitazama, kama mama yake alivyozoea, akamwaga mchicha juu yake na kuanza kuuchambua.

"Afadhali umeleta karatasi," alisema. "Idrisa akifika leo atakuta mboga yake."

Majani yakazidi kupungua. Paji la uso la Idrisa likaanza kuonekana.

Mbaraka akachukua fungu la mchicha lililobaki, akalimwaga palepale.