Viraka vya Magotini

Salopeti ilitua puu! katikati ya ua wa Barthélemy. Kuku wakatawanyika, na nyuma yake akaingia Mama Albert bila hodi.

"Barthélemy! Toka inje! Leo utaniambia miye nilikukosea nini!"

Mji mzima wa Mubi unaijua salopeti ile. Ni suruali ya mpira ya kuvulia samaki, inafika kifuani, na buti zake zimeshikamana humo humo. Shemeji yake Mama Albert aliileta kutoka Goma mwaka ule shimo la madini lilipomfukia Albert, mtoto wake wa kwanza. Kwenye matanga, mbele ya mchungaji na ukoo mzima, Akilimali, mumewe na baba wa marehemu, aliapa kwamba hataingia shimoni tena. Mto ndio utakaolisha nyumba yake. Naye Mama Albert alimwambia palepale, watu wakisikia: siku ukirudi shimoni, mimi na watoto waliobaki hutatukuta.

Tangu hapo aliitunza salopeti kuliko kitenge chake cha kanisa. Ikitoboka, anakwangua mpira kwa kipande cha tofali, anapaka gundi, anabandika kiraka kilichokatwa kwenye mpira wa gurudumu la pikipiki, anakikandamiza kwa jiwe la kusagia. Kisha anaijaza maji, anaitundika, anaangalia panapodondoka. Kazi safi. Lakini viraka vya magotini havikudumu hata wiki. Magoti yote mawili, kila mara, pale pale salopeti inapokunjika juu ya kamba ya kuanikia. Na kamba hiyo imepakana na ua wa nani?

Wivu, alisema Mama Albert bombani, na kina mama wakaitikia. Barthélemy bado ni mchimbaji, kila jioni anarudi na tope tu. Mwenzake Akilimali anarudi na samaki, tena wamekwisha kupasuliwa, matumbo yametolewa.

"Bwana yangu hapendake nijisumbue," Mama Albert alikuwa akijisifu. "Nani hapa iko na bwana ya vile?"

Leo Akilimali alirudi mapema, anatetemeka kwa malaria. Siku zote huisuuza salopeti mwenyewe kijitoni kabla ya kufika nyumbani. Leo aliitupa mlangoni na uchafu wake, akaanguka kitandani. Mama Albert akaona magoti: viraka vyote viwili vimebanduka, mpira umechanika. Hakutaka hata kuketi.

Barthélemy alitoka nje polepole, tope likiwa bado limemkaukia mwilini.

"Mama Albert, wacha makelele. Miye sikutoboa kitu."

"Sasa nani? Panya? Unaikataka kidogo kwa kamba, kiisha maji inamalizia! Unataka bwana yangu afe mu maji?"

Uzio ulikwisha kujaa vichwa. "Mwambie, dada!" alipiga kelele Laetitia, jirani wa upande wa pili. "Uyo macho yake iko ku vitu vya batu!"

"Uliza bwana yako," alisema Barthélemy.

"Bwana yangu iko mugonjwa! Miye nauliza weye!" Mama Albert alimtazama kutoka juu hadi chini, akapata silaha. "Na angalia suruali yako kwanza! Magoti yote mbili iko inje, sawa mutoto wa kutambaa! Njo maana unataka ya benzako nayo ifanane!"

Uzio ukapasuka kwa kicheko. Laetitia alijishika mbavu. Barthélemy hakucheka. Aliinamisha kichwa, akafunika magoti yake kwa viganja, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

"Unaficha nini? Hapana kuficha! Batu bote baone kazi yako!"

Aliikamata salopeti kwa buti, akaigeuza juu chini, aikung'ute mbele ya wote ili wayaone maji ya mto yaliyoingilia kwenye yale matundu.

Hayakutoka maji.

Mchanga ulimwagika juu ya miguu yake, mweusi, mzito kama chuma. Watu walikuwa bado wanacheka uzioni. Mama Albert aliinama, akauchota, akausugua kati ya vidole. Ulikuwa ule ule aliouosha masikioni mwa Albert, siku walipomtoa shimoni.