Betri ya Boti ya Zahanati

Sauti ya marehemu huruhusiwa kubaki nyumbani, ndani ya kisanduku, mpaka arobaini. Baada ya hapo umeme wa nyumba hukataa kuiwasha.

Fundi Majura aliipima betri ya boti ya zahanati, nyuma ya nyumba ya nahodha wake, Nyangeta.

"Dada, injini inachaji vizuri. Ila ikizimwa, kuna kitu kinainyonya betri."

"Labda imechoka."

"Betri mpya hii! Juzi injini iligoma kuwaka, mama wa watu akajifungulia mwaloni, hapo kando ya ziwa, mtoto hakupona. Nitakitafuta mpaka nikipate."

Nyangeta aliingia ndani, akafunua mkeka, akaushika waya utokao botini mpaka kisandukuni.

"Mama Bwire," sauti ya marehemu mumewe ikauliza, "yule mjamzito alifika hospitali salama?"

"Alifika," akajibu, akaufunika tena waya.