Mzee wa Taratibu

Mwalimu Kindi alishindwa kufundisha hesabu za sehemu, akaomba msaada kwenye kundi la walimu mtandaoni. Mmoja asiyemfahamu, aliyejiita Mzee wa Taratibu, akamwambia akate mhogo vipande mbele ya wanafunzi. Darasa zima likaelewa.

Habari zikamfikia Kobe, mwalimu mkuu, akamsimamisha Kindi mbele ya walimu wote.

"Taratibu za shule yangu zinakataza kuchati. Jitoe kwenye kundi hilo sasa hivi!"

"Sijitoi. Ukitaka nifukuze, ila kwanza nimshukuru aliyenifundisha."

Kindi akaandika, "Asante, Mzee wa Taratibu," akatuma.

Simu ikalia ndani ya gamba la Kobe.

"Haya, Mwalimu Mkuu," Kindi akasema, "tangulia kujitoa wewe."